Hata kama ni mtoto mmoja, kichupa kifunguliwe: maswali yenu kuhusu pesa za chanjo

Tangu chanjo ya malaria izinduliwe pale Apac mwezi wa 4 mwaka 2025 barua zenu hazijakatika, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti tofauti: hizi pesa za chanjo zinafanya kazi kweli au zinapotea tu? Mimi kabla sijaanza kuandika ukurasa huu nilikaa miaka 9 nikijaza rejista za chanjo kwenye wilaya moja huku kwetu Uganda, kwa hiyo hesabu hizi nimeziona kwenye karatasi na nimeziona chini ya mwembe mama zetu wakiwa wamepanga foleni. Leo ukurasa wote ni wa hilo. Nimechagua barua sita, majina nimeyaacha, nimebakiza tu mahali mnapoandikia.

SWALI: Dada salaam. Mimi naendesha boda hapa Busia. Mwanangu amepata hiyo chanjo ya malaria dozi 3, mke wangu hakukosa hata tarehe moja, halafu juzi kati mtoto kashikwa na malaria, kliniki nimeacha 85,000. Si bora hizo pesa wangetununulia neti tu? Chanjo gani hii umechanjwa na bado unaugua?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na mtoto apone kabisa. Uchungu wako nauelewa maana sisi tumezoea chanjo kama ya surua, ukishachanjwa ugonjwa unausikia kwa jirani. Hii ya malaria si ya namna hiyo. Inaitwa R21, ilijaribiwa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na pale ilipotolewa kabla ya msimu wa mbu ilipunguza malaria kwa karibu robo tatu ndani ya mwaka wa kwanza, halafu nguvu yake inashuka taratibu, ndo maana kuna dozi ya 4 mtoto akifika miezi 18. Kwa hiyo mwanao kuugua mara moja hakuoneshi kwamba imeshindwa. Cha kujiuliza ni angeugua mara ngapi bila hiyo chanjo, na hilo huwezi kuliona kwa mtoto mmoja, unaliona ukiwaweka watoto elfu waliochanjwa pembeni ya elfu wasiochanjwa.

Sasa tuje kwenye pesa. Watu wengi wanadhani chanjo yenye nguvu zaidi ndo inalipa zaidi kwa kila shilingi, kumbe inategemea sana ugonjwa umejaa kiasi gani pale unapoipeleka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya kampeni kubwa za kupulizia dawa majumbani, watafiti walikaa sehemu mbalimbali za Uganda wakihesabu mbu wenye vimelea vya malaria. Tororo walipata kwamba mtu mmoja anadungwa na mbu wa namna hiyo mara 562 kwa mwaka. Apac walipata mara 1,586. Gawanya kwa siku 365 uone, ni zaidi ya mara 4 kila usiku unaolala, mtoto mchanga na mtu mzima. Sasa tuseme sehemu moja watoto 100 wanaugua malaria mara 300 kwa mwaka, na sehemu nyingine, labda kule milimani kwenye baridi, watoto 100 wanaugua mara 10. Ukipeleka chanjo inayozuia nusu tu, kule kwa kwanza umezuia malaria 150, kule kwa pili 5, na pesa uliyotumia ni ile ile. Chanjo ya nguvu ya kati mahali penye moto inaokoa wengi kuliko chanjo kali mahali pasipo na ugonjwa, na Uganda sisi ni nchi ya tatu duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria na Kongo.

Kuhusu neti uko sahihi kabisa kwamba neti ni rahisi na inalipa sana, na serikali imekuwa ikigawa kwa nchi nzima tangu 2013. Lakini hakuna anayechagua moja aache nyingine. Wanaofanya hesabu hizi wanauliza hivi: mtoto ambaye tayari analala kwenye neti, nikimwongezea chanjo napata nini cha ziada na kwa shilingi ngapi? Dozi ya R21 ilianza na bei isiyozidi dola 4, kwa hiyo dozi zote 4 hazifiki dola 16, kama shilingi 58,000 hivi, ukiacha usafiri na mishahara. Wewe mwenyewe kwa siku moja ya kliniki umelipa zaidi ya hapo. Na kuhusu vifo, chanjo iliyotangulia hii, ile ya RTS,S, ilipotolewa kwa majaribio Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019 vifo vya watoto wa umri ule vilipungua kwa 13 katika kila 100, vifo vya sababu zote yaani, na sehemu hizo neti zilikuwepo.

Naomba tu usikate tamaa kabla ya ile ya miezi 18. Ukiiacha hiyo, zile 3 za mwanzo unakuwa umelipia nguvu ambayo inaisha mapema.

SWALI: Dada yangu mpendwa, mimi ni mama wa watoto 4, nauza nyanya na dagaa soko la Bweyale. Mwezi uliopita nilipeleka mtoto wa miezi 9 kuchanjwa surua. Sista akaniambia siwezi kufungua chupa kwa mtoto mmoja, ni hasara, rudi alhamisi wakija wengine. Boda kwenda na kurudi 6,000 na meza yangu nilifunga. Alhamisi nikarudi, nikaambiwa chanjo imeisha. Mpaka leo mtoto hajachanjwa. Hivi ni mimi mbaya au ni wao?

JIBU: Mama, si wewe mbaya hata kidogo. Na barua yako ndo iliyonifanya nitenge ukurasa mzima, maana hiyo "ni hasara" nimeisikia kwa masikio yangu mara nyingi mno, na siku moja niliisema mimi mwenyewe.

Acha nikueleze kichupa chenyewe kwanza. Chanjo ya surua na rubela inakuja ikiwa unga mkavu chini ya kichupa kidogo, kidogo kama kidole gumba, na pembeni yake kichupa kingine cha maji yake. Ukishachanganya, hicho kichupa kina dozi 10 na una masaa 6 tu, baada ya hapo kinatupwa hata kama umetumia dozi moja. Hakina dawa ya kuzuia vijidudu kama ile ya penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, ambayo ikitunzwa vizuri inaweza kufunguliwa leo na kutumika mpaka siku 28. Na hayo masaa 6 si mchezo. Mwaka 2017 majirani zetu Sudan Kusini, upande wa Kapoeta, watoto 15 walikufa kwa sababu chanjo ya surua ilikaa siku kadhaa bila baridi na bomba moja la kuchanganyia likatumika kwa vichupa vingi. Kwa hiyo sista anapotupa kilichobaki anafanya sawa kabisa, shida ni pale anapokataa kufungua.

Anaogopa nini? Anaogopa ripoti. Mwisho wa mwezi kuna mstari unauliza dozi ngapi zimetumika na ngapi zimemwagwa, na ukimwaga nyingi wanakuuliza. Mstari wa mama waliorudishwa nyumbani haupo. Nilijaza karatasi hiyo miaka 9, sehemu ya kuandika wewe ulikuja ukarudishwa haikuwepo, kwa hiyo kwenye karatasi kituo kilichokurudisha kinaonekana kimetunza mali vizuri kuliko kituo kilichomfungulia mtoto wako.

Tufanye hesabu ya wazi. Dozi moja ya surua na rubela serikali na washirika wanainunua chini ya dola 1, kwa hiyo kichupa kizima hakifiki dola 10, tuseme shilingi 36,000. Akifungua kwa ajili ya mwanao peke yake amemwaga dozi 9, ndo hizo 32,000 na kitu kwa kuhesabu juu kabisa. Sasa weka upande wa pili. Wewe umelipa boda mara 2, ni 12,000, umefunga meza siku 2, sijui siku mbaya pale sokoni unapata kiasi gani lakini hata iwe 10,000 kwa siku tayari umefika 32,000. Hasara ni ile ile! Tofauti ni kwamba ikimwagika dozi inaandikwa kwa serikali, ikimwagika siku yako haiandikwi popote. Wataalamu wakipima programu ya chanjo kwa macho ya wizara peke yake boda yako haimo kabisa, wakipima kwa macho ya jamii nzima boda yako imo, siku yako ya soko imo, usiku wa kukesha na mtoto anayeungua homa nao umo, na mara nyingi jibu linabadilika. Mimi siamini tathmini yoyote ya chanjo isiyomhesabu mama.

Na bado hatujagusa ugonjwa. Surua inaambukiza vibaya sana, mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 mpaka 18, ndo maana inabidi watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa ili isipate njia. Mwanao mmoja aliyerudishwa, na wa jirani, na wa nyuma ya soko, hao ndo mlango. Mlango ukifunguka nchi inalipa kampeni nzima, mnakumbuka mwezi wa 10 mwaka 2019 tulivyochanja nchi nzima watoto zaidi ya milioni 18 chini ya miaka 15, magari, posho, spika, walimu, yote hayo.

Nilisema na mimi niliwahi kusema hivyo. Ilikuwa saa 8 mchana, tuliokuwa tumebaki ni wawili, akaja binti mdogo na mtoto mgongoni, amefunga kanga imelowa jasho, kadi ya chanjo ameikunja ndani ya mfuko wa chumvi uliosafishwa ili isilowe. Nikamwambia tumefunga kichupa, njoo wiki ijayo. Alisema tu haya, akageuka. Jina la mtoto wake nililitafuta kwenye rejista miezi yote iliyofuata na sikuliona tena. Kadi iliyotunzwa vile ilikuwa ya mama aliyetaka.

Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kichupa kifunguliwe hata kama ni mtoto mmoja. Kwa hiyo mama nenda tena, na safari hii nenda siku ile VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, wa mtaa wenu anajua chanjo imefika, mpigie kwanza usipoteze 6,000. Wakikukatalia muulize kwa upole mwenye zamu akuandikie kwenye kadi kwamba ulifika na hukuchanjwa, na tarehe. Nimeona mara nyingi, wakifika kwenye kuandika wanafungua. Na kwa wasimamizi wa wilaya wanaosoma hapa: kuna vichupa vya surua vya dozi 5, dozi yake ni ghali kidogo lakini inamwagika chache, kwa vituo vidogo vyenye watoto wawili watatu kwa siku ombeni hivyo.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mzee nimestaafu jeshi, naishi Bombo. Wajukuu wanachomwa sindano za magonjwa ambayo mimi sijayaona miaka 30. Polio iko wapi? Dondakoo iko wapi? Pesa hizo zingejenga barabara.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Angalia mkono wako wa juu, najua kuna kovu la duara pale. Hilo ni la ndui, na wajukuu zako hawana kwa sababu ndui imekwisha, mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alikuwa Merca kule Somalia mwaka 1977 na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa. Kazi hiyo kuanzia 1967 iligharimu kama dola milioni 300 na sasa hakuna nchi inayonunua chanjo ya ndui kwa kila mtoto anayezaliwa, miaka zaidi ya 40 hiyo. Hiyo ndo biashara bora ambayo afya imewahi kufanya.

Lakini mzee, ndui ndo hiyo moja tu kwa binadamu. Hayo mengine hayajaisha, yamezuiwa, kama lori kwenye mteremko ambalo mtu ameweka jiwe chini ya tairi. Japani katikati ya miaka ya 1970 waliingiwa na hofu ya chanjo ya kifaduro, waliochanjwa wakashuka kutoka karibu watoto 80 kati ya 100 mpaka kama 10, na mwaka 1979 wakapata wagonjwa 13,000 na vifo 41, nchi tajiri ile. Zile nchi zilizokuwa Urusi ya zamani chanjo ikalegea miaka ya 1990, dondakoo ikarudi na kushika watu zaidi ya 150,000. Na polio si mbali hivyo, 2021 virusi vyake vilikutwa kwenye maji machafu hapa hapa Kampala, ikabidi tuchanje nyumba kwa nyumba. Barabara naitaka na mimi, ile ya kwetu ni mashimo matupu, ila jiwe lisitolewe chini ya tairi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uchumi Makerere. Nimesoma kwamba kila dola 1 ya chanjo inarudisha dola 16, wengine wanasema 44. Kama ni kweli mbona Uganda bado tunaomba msaada? Hizo 16 ziko benki gani?

JIBU: Haziko benki, mdogo wangu, na ni vizuri umeuliza maana hiyo namba inarushwa kwenye hotuba kama vile ni cheki.

Ilitoka kwenye utafiti wa 2016 uliohusu nchi 94 za kipato cha chini na cha kati, kwa muongo wa 2011 mpaka 2020. Hiyo 16 ni pesa zilizookolewa: matibabu ambayo hayakufanyika, usafiri, mishahara ambayo wazazi hawakuipoteza kwa kuuguza, na kazi ambayo mtoto atakuja kuifanya kwa sababu hakufa au hakulemaa. Hiyo 44 inaongeza thamani ambayo watu wenyewe wanaipa maisha marefu yenye afya. Zote ni wastani wa nchi nyingi kwa pamoja, Uganda peke yake ina yake, na Kotido peke yake ina yake. Na faida imetawanyika: 3,000 imebaki kwa mama, kitanda kimoja kimebaki wazi wodini, mwalimu hakukosa wiki ya kazi. Wizara ya fedha haiwezi kuikusanya hiyo ikanunulia dizeli.

Kingine ukitazame vizuri kwa sababu unasoma uchumi: muda. Kwenye hesabu hizi faida ya miaka ijayo inakatwa, mara nyingi asilimia 3 kwa mwaka. Sasa chukua homa ya ini ya B, iko ndani ya ile sindano ya penta tunayotoa tangu 2002. Mtoto anachanjwa leo, saratani ya ini aliyoepushwa ingekuja baada ya miaka 40. Ukikata asilimia 3 kila mwaka kwa miaka 40, shilingi 100 ya wakati ule inahesabiwa kama 31 leo. Maisha ya mtu yule hayajapungua hata siku moja, ni hesabu tu imemfanya mdogo. Ndo maana chanjo zinazookoa haraka kama surua zinaonekana nzuri kwenye jedwali kuliko zile zinazookoa uzeeni, na ukisoma ripoti yoyote ya namna hii tafuta kwanza hiyo asilimia imefichwa ukurasa gani.

Halafu nani analipa. Kwa mpango wa Gavi, muungano wa kimataifa unaosaidia nchi maskini kupata chanjo, ule ulioanza 2000, nchi maskini kama yetu zimekuwa zikichangia senti 20 za dola kwa kila dozi ya chanjo nyingi, iliyobaki inalipwa na wafadhili. Ukipima kwa senti 20, karibu chanjo yoyote inalipa. Ukipima kwa bei kamili, nyingi bado zinalipa ila si kwa urahisi ule ule, na nchi ikipanda kipato msaada unapungua. Mimi ningependa kila tathmini ya chanjo mpya hapa Uganda ije na majibu mawili, moja kwa bei ya leo na moja kwa bei tutakayolipa wenyewe, ili tusije tukaanzisha kitu ambacho wajukuu wa huyu mzee wa Bombo watashindwa kukiendeleza. Hiyo ni kazi yenu nyinyi mnaosoma, fanyeni.

SWALI: Dada, binti yangu yuko P.4 Nakasongola, shule imeleta fomu ya chanjo ya HPV. Kwa nini wasisubiri wakubwa wakatibiwa tu?

JIBU: Saini hiyo fomu mama. HPV ni virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo hii inakinga kabla havijaingia, baada ya hapo haiondoi kilichopo, ndo maana wanataka miaka 10. Na kutibiwa unakosema, saratani ya mlango wa kizazi ndo inayoua wanawake wengi hapa kwetu kuliko saratani nyingine zote, na mwaka 2016 mashine moja tu ya mionzi iliyokuwepo nchi nzima pale Mulago iliharibika, mpya ikaanza kazi 2018. Wagonjwa walikuwa wanapelekwa Nairobi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema hata dozi 1 inaweza kutosha kwa wasichana, gharama ikakatika katikati bila mtoto kupoteza kinga.

Tena umeandika kutoka Nakasongola, wilaya yenu iko kwenye historia ya chanjo hii. Majaribio yalianza 2008 kwenu na kule Ibanda. Ibanda walichanja kwa darasa shuleni, wakapata karibu wasichana 9 kati ya 10. Kwenu walichanja kwa umri pamoja na zile siku za afya ya mtoto, kila dozi ikatoka bei ndogo, lakini wasichana wengi hawakujua wamezaliwa lini, wahudumu wakahangaika nani ana miaka 10 na nani hana, wakapata kama 6 kati ya 10. Njia ya bei ndogo iliwaacha wasichana wengi nje, na nchi ilipoanza kuchanja kote 2015 shule zikawa njia kubwa.

SWALI: Mimi ni VHT huku Kotido. Tunatoka na pikipiki kwenda kwenye manyatta kuchanja, siku nzima tunapata watoto 14. Mjini kwa siku moja wanachanja 300. Mkubwa mmoja ametuambia kila mtoto wetu ni ghali mara 3 kuliko wa mjini na safari zetu zitapunguzwa. Nimjibu nini?

JIBU: Kwanza asante kwa kazi, najua hiyo barabara na hilo jua.

Yeye amegawanya pesa kwa idadi ya sindano. Hesabu hiyo haijakosewa, ila inajibu swali lingine kabisa. Anatakiwa agawanye kwa idadi ya watoto waliookolewa, na hapo mambo yanageuka. Mtoto wa 301 pale mjini ana kinga kabla hujamgusa, kwa sababu wenzake 300 wanamzunguka, na akiugua hospitali iko karibu, mama anafika kwa miguu. Mtoto wa manyatta hana mwenzake aliyechanjwa, amekula mlo mmoja, akipata surua ikashuka kwenye mapafu kufika kwa daktari ni siku nzima ikiwa mto haujajaa. Nafasi ya sindano moja kuzuia kifo kule kwenu inaweza kuwa kubwa mara 5, mara 10 kuliko mjini, sasa hata ukiwa ghali mara 3 wewe ndo rahisi. Tuseme mjini sindano moja ni 5,000 na inabidi uchome 1,000 kuokoa mtoto mmoja, hiyo ni milioni 5. Kwenu sindano ni 15,000 lakini ukichoma 150 umeokoa mmoja, ni milioni 2 na robo. Namba hizi ni za mfano, weka zenu, njia ni hiyo.

Pili mpeni njia ya kupunguza gharama bila kupunguza watoto. Mwezi wa 4 na mwezi wa 10 kuna siku za afya ya mtoto, vitamini A na dawa za minyoo zinakuja huko huko, pikipiki ile ile ibebe vyote, petroli igawanywe kwa kazi 3. Muulizeni mzee wa manyatta mifugo itarudi lini kabla hamjatoka, safari ya kukuta boma tupu ndo hasara kamili.

Tatu, daftari. Mkirudi jioni msiandike 14 peke yake. Andikeni wangapi hawana kadi kabisa, wangapi wamepita umri bila dozi yoyote, na ni kilomita ngapi mpaka kituo chenye oksijeni. Halafu andikeni wangapi kati ya hao 14 siku ile ndo mara yao ya kwanza maishani kuchanjwa, na namba hiyo iwekeni juu kabisa ya karatasi mnayompelekea mkubwa, kabla ya lita za petroli.